Khanga ya Kusikiliza

Mume wangu alikuwa mzito wa kusema. Si kwamba alikuwa mkimya. Akiwa na madereva wenzake alicheka mpaka watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakajua amefika. Lakini neno la moyoni halikumtoka mdomoni. Alikuwa mtu wa pwani, na huko kwao mwanamume mwenye haya ana msaada mmoja mkubwa: anaingia dukani, anaomba apangiwe khanga mezani, anasoma maandishi moja baada ya jingine mpaka anapata lile linalosema anachotaka. Kisha anairusha kitandani mbele ya mkewe na kutoka nje, kana kwamba amekumbuka kuna kuku wa kufungia.

Mimi ni wa Mpemba, kijiji cha jirani na Tunduma hapa mpakani, binti wa Mnamwanga. Kwetu tulivaa vitenge vya Zambia vyenye maua na ndege, na vitenge havisemi kitu. Nilipoolewa ndipo nilipojifunza kumsoma mwanamume kwa nguo. Ndoa yetu ilifungwa bomani, kwa sababu shehe wake na mchungaji wangu kila mmoja alikuwa na hakika mwenzake amepotea. Baada ya ugomvi wetu wa kwanza, nilipomrushia sufuria na kumkosa, aliniletea khanga iliyoandikwa "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Mwaka mimba yangu ilipoharibika aliniletea "Subira yavuta heri." Niliivaa ile mpaka ikapauka. Hakusema hata neno moja kuhusu yule mtoto, nami sikumlaumu, maana alikuwa ameshasema.

Nilikuwa fundi cherehani. Nilikaa barazani kwa duka moja karibu na barabara kuu, mahali malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Zambia, nikishona magauni na kubana suruali za madereva waliokonda njiani. Yeye aliendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi kwa Wazambia na kurudi. Alilala nyumbani usiku mmoja akienda na mmoja akirudi. Ukijumlisha, ndoa yetu ya miaka tisa labda ilikuwa na mwaka mmoja wa kuonana.

Ikaja ile miaka ya kukosa. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na duka la ushirika lina rafu tupu na muuzaji amekaa katikati yake anapiga miayo. Khanga zikapotea kabisa. Ukiona mwanamke amevaa mpya, ulimwangalia mara mbili, mara ya kwanza nguo na mara ya pili mwenye nguo, ukijiuliza amemjua nani.

Siku moja mchana mume wangu alifika akiwa ameficha kitu chini ya shati. Nikafikiri ni khanga. Alitoa bahasha ya karatasi ngumu, ya mraba, yenye picha ya msichana wa Kijapani amekatwa nywele fupi, ameshika mwavuli, na maandishi yao yanayoshuka kutoka juu kwenda chini. Ndani yake mlikuwa na sahani ya santuri, ile ndogo.

"Khanga hazipatikani," akasema. "Chukua hii."

"Ya nini sasa? Nijifunge kiunoni?"

Akacheka, akatazama chini. Alinieleza kwamba amepewa na Mjapani mmoja, fundi wa malori huko Dar es Salaam. Ni wimbo wa filamu ya kwao, lakini umeimbwa kwa mtindo wa Kifaransa. Ndivyo yule fundi alivyomwambia. Mimi Ufaransa niliijua kwa jina tu, na Japani niliijua kwa malori. "Yule fundi alinieleza maneno yake yote," akasema. "Usikilize vizuri. Nikirudi utanijibu."

Kinanda cha kupigia santuri tulikuwa nacho, alikinunua Zambia miaka ya neema. Kilikuwa kama sanduku dogo lenye mfuniko, kinatumia betri sita. Betri nzima ndizo hatukuwa nazo. Kesho yake tulizianika zile kuukuu juani tangu asubuhi, tukazigonga moja baada ya nyingine, lakini sahani haikuzunguka hata nusu. Mzigo ulikuwa unamsubiri. Akapanda lori akaenda, na ule wimbo ukabaki mezani.

Betri nilizipata baada ya majuma matatu, kwa mama mmoja wa Isongole aliyekuwa akileta maharage. Zilikuwa zimevuka kutoka Malawi ndani ya gunia hilohilo la maharage. Nilimshonea magauni mawili ya watoto wake kwa betri sita, nikazibeba nyumbani ndani ya kitambaa kama mayai.

Sasa nieleze nilichofanya, nikieleze polepole, maana habari yote iko hapo. Kile kinanda kilikuwa na kijiti pembeni chenye namba tatu, za kuzungusha sahani haraka au taratibu. Namba ya kati ndiyo ya sahani ndogo. Mume wangu alinionyesha, nilijua. Lakini nilikuwa na betri sita tu za nchi nzima. Taa ya chemli ukipunguza utambi, mafuta yanadumu. Jiko ukilipunguza kuni, maharage yanaiva yaleyale. Nikaona, kwa akili zangu za kuhifadhi, sahani ikizunguka taratibu itakula betri taratibu. Nikakisogeza kijiti kwenye namba ya chini. Nilikuwa nimeshafanya hivyo hata kwa nyimbo zetu za dansi. Zile nilizijua redioni, kwa hiyo hata zikijiburuta masikio yangu yalizinyoosha yenyewe. Huu sikuwahi kuusikia popote.

Ukaanza. Kodiani ilivuta pumzi kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito, ya mtu aliyelia mpaka koo limekauka na sasa anasema tu. Mara kwa mara alinyamaza, halafu akatoa mlio mrefu usio na neno. Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Niliupiga tena, nikaita majirani. Tulikuwa wanawake wanne tuliozoea kusomeana khanga, na hapakuwa na khanga Tunduma iliyotushinda. Muuza maandazi wa jirani, mwenye shoga zake kila kituo cha malori, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu bila uchaguzi. Alisikiliza kichwa ameinamisha.

"Huyu anaagwa," akasema. "Au anaaga."

"Kwa nini mume aniletee kilio nyumbani?"

"Dada, mimi simo. Ila kule Mpika, Zambia, wanasema kuna nyumba lori lake hulala sana." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Mwanamume akishindwa kusema, si ndiyo hivi anatuma?"

Wengine wawili wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikaitikia. Nilikuwa nimesikia habari ya Mpika zamani, nikaipuuza. Sasa ilikuja na ushahidi unaozunguka mezani. Tena sikuwa nimemzalia. Mambo yakajipanga yenyewe kama vipande vya gauni vilivyokatwa tayari, yakabaki kushonwa tu. Nami ni fundi.

Aliporudi nilikuwa nimeshajiandaa wiki nzima. Nilimwekea maji ya kuoga, nikampakulia ugali na mlenda. Alikula akiniangalia. Alipomaliza alitoa ufunguo mfukoni akauweka mezani, karibu na bakuli. Ulikuwa ufunguo mpya, wa kufuli kubwa, haukuwa wa nyumba yetu wala wa lori. Nikasema moyoni, haya, ameuleta mpaka mezani pangu.

"Uliusikiliza?" akauliza.

"Niliusikiliza."

"Ukauelewa?"

"Niliuelewa. Unadhani najua kusoma nguo tu?"

Akatabasamu. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, kwamba alitabasamu. "Basi unasemaje, mke wangu?"

"Nasema, mtu akitaka kwenda, barabara ndiyo hiyo, ina lami. Mimi nipo hapa. Cherehani yangu ipo hapa na watu wangu wako hapa. Sitoki Tunduma."

Tabasamu likamkaa usoni muda kidogo, halikujua pa kwenda. "Hutoki?"

"Sitoki. Hata kwa mkokoteni."

Nilisubiri ajitetee, nilikuwa na maneno mengi mdomoni nimeyanoa kwa ajili hiyo. Hakujitetea. Aliuchukua ule ufunguo, akaurudisha mfukoni, akasema chakula kilikuwa kizuri. Jua lilikuwa bado liko juu alipowasha lori. Muuza maandazi alinitazama kutoka kwenye jiko lake, nami nikamtikisia kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Miezi iliyofuata hakuja. Nilisikia amehamishiwa magari ya mjini Dar es Salaam. Kila mara dereva mwingine alishusha kifurushi barazani kwangu, mara miche ya sabuni, mara sukari imefungwa kwenye gazeti. Sabuni ya majuto, niliiita. Nilifulia nayo nikiwa na hasira, na nguo zangu hazijawahi kutakata vile. Khanga hakutuma. Wala mimi sikutuma salamu.

Kisha akaja taniboi wake wa zamani, msaidizi wake wa lori, mtu mzima mwenye watoto, aliyezoea kunitania kila akipita. Siku hiyo hakunitania. Alisimama mbele ya cherehani ameshika mfuko wa turubai wa mume wangu, nami mguu wangu ukaendelea kukanyaga, nikashona mstari mzima kwenye kitambaa ambacho hakikuwa na kitu cha kushonwa.

Ilikuwa homa. Ilimkamata akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa kwa ndani. Majirani walidhani amesafiri. Siku ya tatu ndipo walipovunja mlango, wakamkuta bado anapumua, akafa kabla hawajapata gari. Walimwosha na kumzika siku ileile, kama dini yake inavyotaka. Taniboi aliniambia kikombe kilikuwa karibu naye, sakafuni, kimekauka.

Ndani ya mfuko mlikuwa na shati nililomgeuzia kola, wembe, na ule ufunguo.

"Huu ni wa nini?" nikauliza, ingawa nilidhani najua.

"Wa chumba, mama. Hichohicho, Temeke. Alikipanga tangu kipindi kile mlipokuwa bado mnaonana." Alikuwa akiongea huku anaitazama mikono yake. "Alituambia anakuja kukuchukua. Dirishani alipima kwa shubiri mahali pa cherehani yako, akasema hapa patakuwa na mwanga. Halafu alirudi huku mara moja, na tangu hapo hakulizungumza tena. Tulipomuuliza alisema mama amekataa, tusimsumbue."

Nilimwambia ni mwongo. Nilimtukana mbele ya wateja, mtu aliyesafiri siku mbili kuniletea shati. Alivuta kigoda akakaa nami mpaka ndugu zangu walipofika kutoka Mpemba.

Msiba tuliuweka bila maiti. Waislamu wa Tunduma walimsomea, ndugu zangu waliimba, na ndugu wa Nakonde walivuka na unga. Siku ya mwisho yule muuza maandazi, akilia kweli, maana alikuwa mwenye huruma pamoja na mdomo wake, akasema tumpigie ule wimbo wake. Shangazi mmoja wa Nakonde akatoa betri kwenye redio yake. Kinanda kikawekwa katikati ya mkeka, na kijiti kikiwa palepale nilipokiacha. Yule mama wa Kijapani akaanza kulia taratibu, na wanawake wote wakamwitikia. Watu walisema hawajawahi kusikia wimbo wa msiba unaofaa kama ule. Hata mchungaji aliuliza ni wa kanisa gani.

Nikabaki na swali, na swali lenyewe lilikuwa hili: kama alipanga chumba, kama alipima dirisha, kwa nini aniletee kwaheri? Nililigeuza kama kola, upande huu na upande ule, na pande zote zilikuwa zimechakaa. Kuna siku nilisema chumba kilikuwa cha yule wa Mpika na taniboi alinihurumia tu. Kuna siku nilimkasirikia marehemu kwa kuwa mtu wa mafumbo. Ungesema, nilimwambia ukutani. Ungefungua mdomo mara moja tu katika miaka tisa. Ile bahasha ya msichana mwenye mwavuli nilikuwa nimeipigilia misumari karibu na picha ya mume wangu, sijui kwa mapenzi au kwa kesi. Ufunguo uliingia kwenye kopo la vifungo. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Mjapani aliyekuja kwangu hakuja kwa habari hiyo. Alikuwa kijana aliyefundisha ufundi wa magari kwenye shule moja huko Mbozi, na zipu ya suruali yake ilikuwa imeharibika, jambo lililomfanya atembee ameshika begi mbele. Suruali nyingine hakuwa nayo, basi nilimpa kitenge ajifunge, nikamwingiza ndani asichekwe na madereva. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu. Nikiwa nafumua zipu nikamsikia amevuta pumzi.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili kile chao kisafi cha kitabuni, "hii umeitoa wapi?" Alikuwa amesimama mbele ya bahasha. "Wimbo huu mama yangu aliuimba jikoni."

Nikamwonea huruma. "Pole, mwanangu. Alifiwa?"

Hakuelewa. Nikamwambia sahani yenyewe ipo, na kinanda kipo, ila betri ndizo shida, na kwamba tangu msiba sijaupiga. Alikwenda kwenye pikipiki yake akarudi na tochi mbili kubwa, akazifungua. Betri sita zikatimia. Alifuta vumbi kwenye sahani kwa upindo wa kitenge changu, akaiweka. Ikazunguka kidogo, sauti ikaanza kuvuta, naye akacheka, akanyoosha kidole, akasukuma kijiti kurudi katikati.

Sikuelewa mara moja kwamba ni wimbo uleule. Kodiani iliruka. Haikuwa mgonjwa, ilikuwa mtu anayeshuka ngazi mbilimbili. Yule mama mtu mzima akawa msichana, sauti nyembamba, karibu na sikio, ya mtu aliyekimbia akafika anahema na ana jambo zuri la kusema. Na ule mlio mrefu usio na neno, ule tuliouitikia mkekani kwa vilio, ulikuwa kicheko.

Kijana alikuwa akipiga kidole mezani. "Zamani kwetu walipenda sana mambo ya Ufaransa," akaeleza. "Kofia zao, kodiani zao, kuimba kama unanong'ona. Wimbo huu upo mwisho wa filamu, wanapopanda treni."

"Wanaagana?"

"Hapana, mama. Wote wawili wanapanda."

"Anasema nini?"

Alifikiri. "Maneno madogo tu. Mvua imekatika. Vaa viatu. Nimepata chumba, kina dirisha, twende."

Niliweka suruali yake chini. Nilimwomba anionyeshe tena alichofanya, naye akanionyesha, akirudisha kijiti chini na juu, chini na juu, na yule mwanamke akizeeka na kuwa msichana chini ya kidole chake. "Kilikuwa mahali pasipo pake," akasema kwa adabu, kama anayemsingizia mtu asiyekuwepo. "Sijui nani alikisogeza."

"Mimi," nikasema. "Ni mimi. Nilikuwa nahifadhi betri."

Nikalia. Si kilio cha msibani chenye mpangilio na waitikiaji. Nilimlilia mtu aliyeniuliza swali, akakaa mbele yangu ametabasamu akisubiri, nami nikamwambia sitoki. Kijana wa watu alisimama na kitenge chake kiunoni, hajui aende wapi, akaniinamia mara mbili tatu kama wanavyofanya kwao. Nikamwambia si kosa lako, mwanangu, upige tena.

Akaupiga. Lakini betri za tochi zilikuwa zimeshachoka. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, na katikati ya wa pili kodiani ikaanza kuburuza miguu. Sauti ya msichana ikashuka kidogo, ikashuka tena, mpaka akarudi yule mama ninayemjua. Kijana akanyoosha mkono azime. Nikamshika mkono, nikamwambia mwache amalize.

Zipu niliishona vizuri, sikutaka malipo. Baadaye nchi ilifunguka, betri zikajaa madukani na khanga zikarudi kwa mafurushi, nami nikapewa na wengine na nikajinunulia mwenyewe. Ufunguo bado uko kwenye kopo la vifungo. Dar es Salaam nimefika mara mbili, kufuata vitambaa, na mara zote mbili nilipita Temeke nikiwa nimeinamisha kichwa. Sijui hata leo kama lile dirisha lilikuwa na mwanga wa kutosha cherehani.